Kiungo Haokotwi Njiani

Wakazi wa Songea hawana haja ya kuelezwa kwamba vita vya Ukraine viliwafikia. Vita hivyo vilipopamba moto Februari 2022, na mataifa ya Ulaya yakaanza kuyakwepa makaa ya mawe ya Urusi, bei ya bidhaa hiyo ilipanda duniani, na makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yakatafutwa na wanunuzi wa mbali. Malori yaliyosheheni yakakatiza mkoa wa Ruvuma kuelekea Namtumbo, Tunduru na Masasi, hadi bandari ya Mtwara, na mzigo ukapakiwa melini. Hiyo ndiyo biashara ya malighafi, na kila mtumishi wa umma aliyepita darasani anaijua hesabu yake: auzaye kitu kibichi hulipwa kidogo, na akitengenezaye hulipwa zaidi.

Lakini katika nchi hiyo hiyo ya vita kuna jambo jingine ambalo lingefaa kuletwa Songea, nalo halilipiwi ushuru wa forodha. Jambo hilo ni funzo la jinsi mchezaji wa kandanda anavyotengenezwa. Neno "kutengenezwa" limetumika hapa kwa makusudi, kwa sababu katika mkoa huu, kama katika mikoa mingine mingi, imeenea imani kwamba mchezaji huokotwa. Husemwa kwamba kipaji ni bahati. Kwamba mtoto mwenye mguu wa dhahabu atajitokeza mwenyewe. Kwamba kazi ya watu wazima ni kukaa jukwaani wakimsubiri. Asipojitokeza, hulaumiwa kizazi. "Vijana wa siku hizi hawana mpira," husema mabingwa wa barazani. Imani hiyo ni kasumba, na yafaa ipigwe vita kama ilivyopigwa vita ile kasumba ya zamani kwamba mtoto wa mkulima hana akili ya hesabu.

Na atazamwe kijana mmoja anayeitwa Heorhiy Sudakov. Alizaliwa mwaka 2002 katika mji wa Brianka, mkoa wa Luhansk, mashariki ya Ukraine. Brianka si mji wa watalii wala wa wafalme. Ni mji wa wachimba makaa ya mawe, uliokua kwa sababu ya mashimo yaliyo chini yake. Mwaka 2014, Sudakov akiwa bado mtoto wa shule ya msingi kwa hesabu ya Tanzania, mapigano yalizuka katika eneo hilo, na mji wake ukaangukia mikononi mwa kundi lililojitenga na serikali ya Kyiv kwa msaada wa Urusi. Kwa mujibu wa waumini wa bahati, huyo alikuwa mtoto aliyekwisha potea: mji mdogo, kazi ya makaa, na vita mlangoni.

Hakupotea, kwa kuwa kulikuwa na mlolongo wa watu na vyombo uliomshika mkono. Alilelewa kwanza katika shule ya vijana ya klabu ya Metalist, katika mji wa Kharkiv, kisha akapokewa na shule ya vijana ya Shakhtar Donetsk. Metalist yenyewe ilianguka mwaka 2016 kwa matatizo ya fedha ikatoka katika soka la kulipwa. Klabu ilianguka, lakini mtoto hakuanguka pamoja nayo, maana palikuwa na ngazi nyingine ya kukanyaga. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 18, aliingizwa katika kikosi cha kwanza cha Shakhtar akicheza nafasi ya kiungo mshambuliaji, yaani yule anayepokea mpira katikati ya uwanja na kuufikisha kwa wafungaji.

Shakhtar nayo ina historia inayopaswa kujulikana na watu wa mkoa wenye makaa. Jina lake maana yake ni mchimba migodi. Iliundwa mwaka 1936 kama timu ya wafanyakazi wa machimbo ya Donetsk. Mwaka 2009 ilitwaa Kombe la UEFA, na mwaka huo huo ikafungua uwanja wake mpya wenye nafasi za watazamaji zaidi ya 50,000. Miaka mitano baadaye, vita vya 2014 vikaifukuza katika mji wake. Tangu hapo imekuwa klabu isiyo na nyumba. Imecheza Lviv, imecheza Kharkiv, imecheza Kyiv. Na baada ya uvamizi wa Februari 2022 imelazimika kuwapokea wageni wake wa mashindano ya Ulaya katika nchi za watu, kwanza Warsaw huko Poland, kisha Hamburg huko Ujerumani.

Uvamizi huo ulipoanza, wachezaji wengi wa kigeni waliruhusiwa na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, kusimamisha mikataba yao, nao wakaondoka. Sudakov alijihifadhi mahali pa kujikinga na mabomu pamoja na mke wake aliyekuwa mjamzito. Agosti 2022 ligi ya Ukraine ilianza tena bila watazamaji. Ving'ora vya hatari vilipolia, wachezaji waliacha mpira uwanjani wakaingia mahandaki, na hatari ilipopita wakarudi kuendelea. Mchezo mmoja wa mwezi huo kati ya Rukh Lviv na Metalist ulichukua zaidi ya saa nne kumalizika kwa sababu hiyo. Na Shakhtar, iliyokuwa imekimbiwa na wageni wake, ilifanya nini? Iliwaingiza vijana wake. Septemba 2022 ilikwenda Leipzig, Ujerumani, ikashinda kwa mabao 4 kwa 1 katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya.

Matunda ya Sudakov yalifuata kwa mpangilio. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano ya Ulaya ya vijana wa chini ya miaka 21, akiwa na mabao matatu, na Ukraine ikafika nusu fainali. Katika msimu wa 2023/24 Shakhtar ilitwaa ubingwa wa ligi na kombe la nchi. Mwaka 2024 alikuwa katika timu ya taifa iliyocheza fainali za Ulaya huko Ujerumani. Mwaka 2025 akahamia Benfica ya Ureno. Septemba ya mwaka huo huo jengo lenye makazi yake mjini Kyiv lilipigwa katika shambulio la anga. Watu wa familia yake waliokuwamo walinusurika. Huyo ndiye kiungo ambaye wengi wa vijana wa Songea wamemwona kwenye televisheni wakadhani kwamba alizaliwa akiwa tayari.

Haifai kuipamba habari hii kupita kiasi. Shakhtar ya leo ni mali ya Rinat Akhmetov, tajiri mkubwa kuliko wote nchini Ukraine, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeishauri Songea imsubiri bilionea. Tena klabu hiyo ni hodari wa kununua vijana kwa bei ndogo na kuwauza kwa bei kubwa, jambo ambalo lina harufu yake ya ubepari. Lakini ieleweke kwamba shule za michezo za watoto hazikuanzishwa na matajiri. Nchi hiyo ilizirithi kutoka enzi za Muungano wa Kisovieti, ambapo mtoto wa mchimba makaa alipelekwa kwa mwalimu wa mchezo kama alivyopelekwa kwa mwalimu wa hesabu, kwa gharama ya umma na chini ya rejesta ya umma. Tajiri alikuta msingi umekwisha jengwa, akaezeka paa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya na kwamba Mwafrika hayawezi. Hao wajibiwe na Ndugu Novatus Dismas. Naye alizaliwa mwaka 2002, sawa na Sudakov. Naye ni kiungo, ingawa huweza kupangwa hata katika ulinzi. Katika msimu ule wa 2023/24 alikuwa katika kikosi kimoja na Sudakov, akiwa amekwenda Shakhtar kwa mkopo kutoka Zulte Waregem ya Ubelgiji. Mtanzania huyo alicheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, kama alivyofanya kabla yake Mbwana Samatta akiwa na Genk mwaka 2019. Msimu ulipokwisha alikuwa mmoja wa kikosi kilichobeba ubingwa wa Ukraine, na mwaka 2024 akaenda Göztepe ya Uturuki.

Je, Novatus aliokotwa? Hata kidogo. Alilelewa katika timu ya vijana ya Azam, kule Chamazi, Dar es Salaam. Akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya mkoa wa Mara ili apate mechi za watu wazima. Kutoka hapo akaenda Israel, kisha Ubelgiji, kisha Ukraine. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyemkabidhi kwa mwingine, na kila makabidhiano yalikuwa na karatasi. Ukiondoa ngazi moja tu katika hizo, Novatus angekuwa leo ni kijana mmoja hodari wa mchangani ambaye wazee wangesimulia habari zake wakitikisa vichwa. Ni wangapi wanaosimuliwa hivyo mkoani Ruvuma?

Hapo ndipo habari hii inapoingia mjini Songea na kuwa chungu. Mji huu umebeba jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Timu yake imebeba jina la vita hivyo, na uwanja wake pia. Majimaji, Wanalizombe, walitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, wakaurudia mwaka 1986, na wakautwaa tena mwaka 1998. Siku hizo Simba na Yanga walipopanda basi kuja Songea hawakuja kutembea. Leo hali ni nyingine. Timu hiyo ilirejea Ligi Kuu katika msimu wa 2015/16, ikashuka mwaka 2018, na tangu hapo ngazi hiyo imekuwa ikiisikia redioni.

Shakhtar haina hata mji wa kurudi, lakini imeendelea kutwaa ubingwa. Majimaji ina mji, ina uwanja, ina jina linaloheshimiwa nchi nzima, ina watu wanaoipenda, na hakuna kombora lililowahi kuifukuza nyumbani. Basi mwenye kutafuta sababu asiitafute angani. Kilichokatika Songea ni kile kile kilichomwokoa Sudakov, yaani mlolongo kati ya shule na klabu. Mtoto wa Mbinga au wa Tunduru huonekana katika michezo ya UMITASHUMTA akiwa darasa la sita. Huonekana tena katika UMISSETA akiwa kidato cha pili. Hupigiwa makofi, hupewa cheti, hurudishwa kijijini. Baada ya hapo hakuna anayejua alikokwenda. Hakuna timu ya vijana inayomngoja, hakuna daftari lenye jina lake, hakuna mwalimu aliyepewa jukumu la kumfuata. Akifika miaka 20 huwa ni dereva wa bodaboda anayesifiwa siku ya Jumapili.

Utetezi wa kwanza unaotolewa ni kwamba fedha hakuna. Utetezi huu umezoeleka mno hata umekuwa kama sala. Ni kweli kwamba uendeshaji wa timu ya Ligi Kuu unahitaji fedha nyingi, na ni kweli kwamba zile siku ambapo mashirika ya umma yalikuwa na timu zao, kama Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara na Pamba ya Mwanza, hazirudi kwa kutamaniwa. Lakini timu ya watoto wa miaka 13 haihitaji basi la kifahari. Inahitaji mipira, mwalimu, uwanja wa shule ambao tayari upo, na ratiba inayoheshimiwa. Vibanda vya kubahatisha matokeo vimejaa mitaani, na vijana hutoa shilingi zao kila siku kuweka mikeka juu ya miguu ya akina Sudakov. Fedha inayotoka katika mfuko wa kijana wa Songea ili kubashiri mpira wa Ureno ingetosha kununua mipira mingi ya Songea. Kwa hiyo fedha zipo. Ila zimeelekezwa kwa wageni.

Utetezi wa pili hutolewa na baadhi ya walimu na wazazi. Husema kwamba kandanda ni mchezo, na mchezo unaharibu masomo. Fikra hiyo iliwahi kupewa nguvu ya amri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa, yakarejeshwa katika serikali ya awamu ya nne. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa katazo hilo alipaswa kuwa katika kilele cha uchezaji wake miaka kumi na mitano baadaye. Mabingwa wa barazani wanaouliza vipaji vilikwenda wapi wangefungua kalenda kabla ya kuwatukana vijana. Kizazi kilichokatwa miguu hakilaumiwi kwa kutokimbia.

Tena si kweli kwamba uwanja na darasa ni maadui. Kiungo mzuri ni mwanafunzi wa mahali na wakati. Kabla mpira haujamfikia huwa amekwisha tazama kushoto na kulia, akajua nani yuko wapi na nani atakuwa wapi. Mtoto anayefundishwa hivyo jioni hawi mpumbavu asubuhi. Kinachoharibu masomo ni mchezo usio na mwalimu, kama vile kilimo kisicho na bwana shamba huharibu ardhi.

Utetezi wa tatu hautolewi kwa sauti, lakini ndio mbaya kuliko yote, na hapa wanachama na viongozi hawana budi kujikosoa. Upo mtindo wa mashindano ya zimamoto. Msimu wa kura unapokaribia, makombe huota kama uyoga: kombe la mheshimiwa huyu, kombe la mheshimiwa yule. Jezi hugawiwa, picha hupigwa, hotuba ndefu hutolewa juu ya vijana kuwa taifa la kesho, na mshindi hupewa mbuzi. Wiki tatu baadaye kura zimekwisha hesabiwa, mbuzi ameliwa, na jezi zimegeuka nguo za kulimia. Hakuna mtoto aliyeandikwa jina. Kombe la namna hiyo ni matumizi ya miguu ya watoto kwa faida ya mtu mzima mmoja, na matumizi ya namna hiyo yana jina lake katika lugha ya siasa ya nchi hii: ni unyonyaji.

Vilevile viwanja. Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, na vingi kati yake viko mikononi mwa Chama. Ikiwa ni hivyo, Chama hakiwezi kujivunia lango la uwanja siku ya mkutano wa hadhara na kujitoa lawamani siku mtoto anapofukuzwa langoni kwa kukosa kiingilio cha mazoezi. Uwanja usiofunguliwa kwa watoto ni ghala tupu lenye jina kubwa.

Sasa lipo jambo ambalo watumishi wa umma wanapaswa kulijua zaidi ya watu wengine, kwa sababu linahusu karatasi, na karatasi ndiyo kazi yao. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hutengwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15, klabu hulipwa robo ya asilimia 1. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, hulipwa nusu ya asilimia 1. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupokea na kugawa malipo ya namna hiyo, kwa kufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji tangu utoto wake.

Hesabu ni rahisi, na mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Tuseme mtoto wa Peramiho amesajiliwa na klabu ya Songea akiwa na miaka 12 na kukaa humo hadi mwisho wa mwaka wake wa 17. Miaka minne ya kwanza ni asilimia 1, miaka miwili ya mwisho ni asilimia 1 nyingine; jumla asilimia 2. Siku moja akiuzwa huko Ulaya kwa euro 1,000,000, ambayo kwa soko la huko ni bei ya chini, klabu ya Songea hustahili euro 20,000. Kwa viwango vya fedha vya miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya shilingi milioni 50. Akiuzwa tena mara ya pili na ya tatu kwa masharti hayo hayo, klabu hustahili fungu lake kila mara. Lakini kama jina lake halikuandikwa, au liliandikwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya uongo ili aonekane mdogo, au daftari lililiwa na mchwa katika kabati la ofisi, Songea haina cha kudai. Mtoto atakuwa amekwenda kama yanavyokwenda makaa ya Ngaka, isipokuwa kwamba makaa angalau hupimwa kwenye mizani kabla ya kuondoka.

Hapa ndipo udanganyifu wa umri unapoonyesha ubaya wake wote. Mwalimu anayempunguzia mchezaji miaka mitatu ili shule ipate kikombe cha wilaya hudhani amemsaidia mtoto. Kwa kweli amemfunga. Amemnyima nafasi mtoto mwingine mwenye umri halali, na amemtengenezea huyu wa kwanza historia ya uongo ambayo itamfuata na kumwangusha siku pasipoti yake itakapochunguzwa. Kikombe cha wilaya kitabaki katika ofisi ya mwalimu mkuu kikishika vumbi, na maisha ya vijana wawili yatakuwa yamelipia.

Yapasa basi kazi igawanywe, maana jukumu la wote huwa si la mtu. Mwalimu wa michezo wa kila shule awe na daftari la kudumu lenye jina, tarehe halisi ya kuzaliwa, nafasi anayocheza mtoto na mtu wa kumfuata akimaliza shule. Maofisa utamaduni na michezo wa wilaya za Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru wakusanye madaftari hayo baada ya kila UMITASHUMTA na UMISSETA, badala ya kukusanya picha za ufunguzi. Chama cha soka cha mkoa kihakikishe kwamba kila mtoto aliyeteuliwa anapata klabu iliyosajiliwa, na kwamba klabu hiyo ina timu za vijana zenye ratiba ya mwaka mzima. Majimaji, kabla ya kuota Ligi Kuu, ianze na watoto wa miaka 12. Timu inayopanda daraja kwa wachezaji wa kuazima hushuka wenyewe wakirudi makwao. Na uwanja wenye jina la mashujaa ufunguliwe kwa watoto siku zilizopangwa, bila kiingilio na bila barua ya ruhusa yenye mihuri minne.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji bilionea wa Donetsk. Yote yanahitaji mtu kufanya kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Kule Ukraine mwalimu wa watoto aliacha mazoezi pale tu king'ora kilipolia, na kilipotulia akarudi uwanjani. Songea hakuna king'ora. Kuna kikao kilichoahirishwa, kuna faili lililokaliwa, kuna mpira wa shule uliofungiwa kabatini kwa kuhofiwa kwamba utachakaa.

Katika kandanda, mshambuliaji husifiwa na mlinda mlango hulaumiwa, lakini timu isiyo na kiungo hukatika vipande viwili: nyuma wanaulinda mpira wasijue wa kumpa, mbele wanausubiri bila kuuona. Ndivyo mkoa ulivyo leo. Nyuma wako watoto wenye mpira miguuni, mbele iko dunia inayowatafuta, na katikati kiti ni kitupu. Kiti hicho ni cha mwalimu na cha mtumishi wa umma. Februari ya kila mwaka Songea huwakumbuka mashujaa walionyongwa, na ni wajibu kuwakumbuka. Lakini watoto walio hai wanacheza pembeni tu ya makumbusho hayo, wakiwa peku, na hadi jioni hii hakuna aliyeandika majina yao.